Kuku wa Lumbridge

Leo nataka tuzungumze habari ya kuku. Si wale wa kienyeji ambao bei yao inapanda kila mwezi wa Ramadhani ukikaribia. Nasema kuku wa Lumbridge, kijiji kisichokuwemo katika ramani ya nchi yoyote, ambacho mimi nimekikanyaga mara nyingi kuliko nilivyoukanyaga mji wa Nairobi.

Mwaka 2006 nilikuwa na saiba yangu ya kudumu hapa Mombasa. Ghorofani, ngazi za mbao, feni moja inayozunguka ikijisikia. Tulilipa kwa dakika, na wengi wetu tulikwenda kusoma barua pepe na kuondoka mbio kabla fedha hazijaisha. Siku moja kijana wa kompyuta ya pili, ambaye kila nikija namkuta na kila nikiondoka namwacha, akaniambia, "Kaka, hebu fungua hapa." Nikafungua. Nikajikuta nimesimama kando ya zizi, nina upanga wa shaba usiofaa hata kukatia ndimu, napigana na kuku. Kuku akanishinda mara ya kwanza. Nacheka nikikumbuka, lakini siku ile sikucheka.

Mchezo wenyewe ni RuneScape. Uliingia mtandaoni tarehe 4 Januari 2001, kazi ya kijana wa Kiingereza, Andrew Gower, na nduguye Paul, na baadaye ukalelewa na kampuni yao ya Jagex kule Cambridge. Uzuri wake kwa watu kama sisi ni kwamba hukununua diski wala hukupakua chochote. Ulifunguka ndani ya kivinjari kama ukurasa wa gazeti, hata kwenye kompyuta iliyochoka. Tena ulikuwa na subira. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitufikia hapa Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo mtandao wetu ulipanda angani kwenye setilaiti ukashuka upande wa pili, na michezo mingine ya mbio na risasi ilikuwa haichezeki, umekufa kabla hujaona aliyekuua. Lakini ulimwengu wa RuneScape haukimbii. Unapiga hatua moja kila sekunde 0.6, kama moyo wa mtu aliyelala usingizi. Hapo hata sisi wa setilaiti tuliweza kufuata.

Wiki ile ile ya kwanza akapita mtu amevaa deraya inayong'aa, akasimama akinitazama ninavyohangaika na wale kuku. Akaandika kunisalimu. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha darasani. Akaniambia anatoka Uholanzi. Kisha akafungua dirisha la biashara, akaweka upanga wa chuma cha pua na kambakoche ishirini na tano waliokwisha kupikwa, na upande wangu hakutaka kitu. Kambakoche ndio dawa ya majeraha katika mchezo ule. Nikamuuliza kwa nini. Akasema naye alipewa. Akaenda zake, sikumwona tena.

Mshike Mholanzi huyo, msikilizaji, tutamrudia.

Biashara katika RuneScape ya siku zile ilikuwa ni kelele. Ukitaka kuuza kambakoche wako unakwenda mbele ya benki za miji ya Varrock au Falador, unapanga maneno, na maneno yako yanaelea juu ya kichwa kwa rangi nyekundu, ya njano, mengine yanacheza kama mawimbi. Mamia ya watu pale, kila mmoja anatangaza chake. Ungedhani uko sokoni Kongowea alfajiri malori ya vitunguu yanaposhuka. Ulipunjwa pale, ulijifunza bei pale, ulipata marafiki pale. Walikuwepo na matapeli: nipe deraya yako nikupambie kwa dhahabu, bure kabisa. Nilitoa yangu. Aliyezaliwa na kukulia kwenye mji wa pata potea, na bado nilitoa yangu.

Tarehe 26 Novemba 2007 Jagex wakafungua Grand Exchange, tuseme Soko Kuu. Unaandika unachouza, unaandika bei, mashine inakutafutia mnunuzi aliye popote, wewe unaendelea na shughuli zako. Jambo la maana kabisa. Na katika muda mfupi mbele ya zile benki pakawa kimya.

Mwezi uliofuata kikaja kishindo kikubwa zaidi. Kulikuwa na watu waliofanya kazi ya kukusanya dhahabu ya mchezo, wengine kwa roboti, kisha wakaiuza kwa dola za kweli, na katika biashara hiyo kadi za benki zilizoibwa zilitumika sana. Kampuni ikaumia, ikaamua kukata mzizi. Desemba 2007 ikaondoa vita vya mtu kwa mtu katika nyika ya Wilderness, na mwanzoni mwa 2008 ikaweka sheria kwamba watu wawili wasibadilishane vitu vyenye thamani zinazotofautiana sana. Ukitaka kumpa mwenzio kitu kizuri naye hana cha kukurudishia, mfumo unakataa. Fikiri maana yake. Sheria iliyotungwa kumzuia mwizi ikamzuia na yule Mholanzi wangu. Watu waliandamana ndani ya mchezo, wakajaa viwanjani wakipiga kelele kwa herufi, wengine wakahama kabisa. Ilichukua hadi Februari 2011, baada ya kura ya wachezaji iliyopigwa na zaidi ya watu milioni moja, ndipo uhuru wa kutoa ukarudi.

Ukiniuliza leo nani alikuwa na haki, nitayumba. Sheria ilipoondolewa, wauza dhahabu nao walirudi. Miaka michache baadaye, uchumi wa Venezuela ulipoanguka, vijana wa kule walikesha wakiua mazimwi ya kijani katika mchezo huu ili wauze dhahabu wapate chakula cha nyumbani, na wapo wachezaji waliofurahia kuwawinda na hata kufundishana namna ya kuwawinda. Kwa mmoja ni mchezo, kwa mwingine ni mshahara, na wote wamesimama katika shamba moja.

Hapa nataka nitoke kidogo nikae barazani. Wazee wetu wa Mji wa Kale wanacheza bao. Mashimo 32, kete 64, mnaanza na namua, mnaingia mtaji. Mzee aliyeliacha bao miaka thelathini akaenda Maskati kutafuta riziki, akirudi leo ataliketia bao lile lile. Hakuna ofisi iliyokaa usiku ikaamua kwamba shimo la nyumba kuanzia kesho halina kazi. Bao halina mwenyewe, ni la kila aliyelijua. Mchezo wa mtandaoni una mwenyewe, na mwenyewe huyo ana funguo. Tena wenyewe hao hubadilika: Jagex imekwisha kununuliwa na kuuzwa mara kadhaa, ikawa ya Carlyle mwaka 2021, mwaka 2024 ikaingia mikononi mwa CVC na Haveli. Wewe unalala una mchezo, unaamka una mchezo mwingine wenye jina lile lile. Wachezaji wa Star Wars Galaxies yaliwakuta Novemba 2005: kazi zaidi ya thelathini ambazo mtu angeweza kujifunza, mpaka ushonaji na uganga, zikafinywa zikawa tisa kwa sasisho moja. Waliokuwa mafundi wa miaka wakaamka hawana ufundi. Mchezo ule ulijikokota hadi Desemba 2011, ukazimwa.

RuneScape nayo ilipata siku yake kama hiyo: tarehe 20 Novemba 2012. Mfumo wote wa kupigana ukabadilishwa, wakauita mageuzi. Vifungo vipya, mbinu mpya, kasi mpya. Wakongwe walitazama skrini kama mtu anayeingia jikoni kwake akakuta mwenziwe kahamisha kila sufuria. Waliondoka kwa makundi. Na hapo kampuni ikafanya jambo ambalo kampuni chache zimethubutu. Katika hazina yake ilikuwa na nakala ya akiba ya mchezo wote kama ulivyokuwa Agosti 2007, kabla ya Soko Kuu, kabla ya sheria za biashara, kabla ya kila kitu. Ikawauliza watu: tuufungue? Zikapigwa kura karibu 450,000. Tarehe 22 Februari 2013 mlango ukafunguliwa, wakauita Old School RuneScape.

Nilikuwepo. Nimekwisha kuwa mtu mzima, nina kazi, nina kompyuta yangu nyumbani, lakini usiku ule nilikuwa yule mteja wa saiba. Kila mtu alianza sifuri, hata waliokuwa wafalme zamani. Zizi la kuku la Lumbridge lilijaa mpaka kuku akichomoza anavamiwa na watu kumi. Muziki ule ule. Matofali yale yale ya picha. Nakuambia kweli, nililia machozi kidogo, mke wangu akauliza kuna msiba gani.

Basi sikiliza lililofuata, kwa maana hili ndilo lililonileta kwenye maikrofoni leo. Tumerudishiwa mwaka 2007 kamili, bila Soko Kuu. Kwa hiyo zile kelele za mbele ya benki zingerudi, sivyo? Zilirudi kidogo. Wengi wakaingia tovuti ya nje, wakabandika bei zao huko, wakakutana ndani ya mchezo kwa sekunde kumi kupeana mali, kila mtu na njia yake. Hapana salamu. Na kwa kuwa katika Old School hakuna kikubwa kinachoingia mpaka wachezaji wakipitishe kwa kura, siku zile asilimia 75, swali likaletwa: mnataka Soko Kuu lirudi? Wale wale waliolilia mwaka 2007 wakapiga kura, ikapita, na Februari 2015 Soko Kuu likafunguliwa katika mchezo uliokuwa umefufuliwa ili tuwe mahali pasipo na Soko Kuu.

Na mimi nilipiga kura ya ndiyo. Nina watoto. Saa ya kucheza ni ile baina ya wao kulala na mimi kulala. Siwezi kuipoteza nikitangaza kambakoche.

Ndiyo maana sikubaliani na wakongwe wenzangu wanaosema kampuni imetuharibia mchezo. Kampuni imefanya makosa yake, nimeyataja. Lakini ilipoturudishia mchezo ule ule, shimo kwa shimo na kete kwa kete, tulioingia hatukuwa wale wale. Mwaka 2006 hatukujua kitu, wala hatukujua kwamba hatujui. Leo kila mkongwe anajua ile pumzi ya sekunde 0.6. Anabofya kwa mapigo yake: anaikatiza kazi na kuianza upya katika pigo lile lile ili apate samaki wengi zaidi kwa saa, anawasha sala ya kumkinga na kuizima papo hapo ili isimle nguvu. Anajua kwamba ngazi ya 99 inadai alama 13,034,431, na kwamba mtu aliyefika ngazi ya 92 ndiyo kwanza yuko nusu ya njia. Sisi tulipofika 92 tulinunua soda tukidhani tumemaliza.

Chukua Jad. Alikuja Oktoba 2005, dudu kubwa linalongoja mwisho wa pango baada ya mawimbi 62 ya maadui. Ukikosea sala moja umekufa, saa nzima na zaidi imepotea. Pale saibani aliyemshinda Jad alizungukwa kama aliyetoka kuhiji. Mwaka 2017 wachezaji waliletewa pango jipya, Inferno, ambamo karibu na mwisho majitu ya aina yake hutoka matatu pamoja, na wapo wanaoyamaliza huku wakizungumza na watazamaji wao. Dudu halikupungua nguvu hata chembe.

Wenzetu wa World of Warcraft yamewapata hayo hayo, tena kwa ukali zaidi. Mchezo huo wa Blizzard ya Marekani ulianza Novemba 2004, na kwa miaka wakongwe waliomba toleo la mwanzo lirudi. Mwaka 2013, kwenye mkutano wao wa BlizzCon, mkuu mmoja wa mchezo, J. Allen Brack, alimjibu muulizaji kwamba mnadhani mnakitaka kitu hicho, lakini hamkitaki. Aliitwa mwenye kiburi mpaka akakoma. Mashabiki wakajenga seva yao bila ruhusa, Nostalrius, ikajaa watu, ikafungwa Aprili 2016 kwa barua ya mawakili. Mwishowe kampuni ikasalimu amri, na Agosti 2019 ikafungua Classic.

Katika mchezo wa mwanzo, Ragnaros, bwana wa moto anayehitaji kundi la watu 40, alianguka mara ya kwanza siku ya 154. Katika Classic haikutimia hata wiki. Na si hilo lililonishangaza. Kuna baraka ambazo mpiganaji huzipata huku na huko duniani, zinamwongezea nguvu kwa muda wa saa moja au mbili za kucheza. Wakongwe wa 2019 walizikusanya, kisha wakatoka kwenye mchezo haraka zisipotee, wakakaa siku kadhaa bila kuingia, wakingoja usiku wa vita. Walikuwa wamelipia mwezi mzima wa mchezo ambao, ili waucheze sawasawa, iliwabidi wasiucheze. Brack alikuwa amekosea, kwa kuwa watu waliutaka kweli na walijaa. Ila kuna alichokiona.

Mpwa wangu, ana miaka kumi na saba, hucheza Free Fire kwenye simu. Watu hamsini wanashuka kisiwani, dakika kumi mambo yamekwisha. Juzi alinikuta nakata miti yangu kwenye skrini, akasimama nyuma yangu.

"Mjomba, hii picha mbona kama matofali?"

Nikamwambia ndivyo ilivyo, ndivyo tulivyoipenda.

"Lakini unakata mti tu. Dakika ishirini unakata mti."

Nikamwambia asubiri naye azeeke na mchezo wake. Akaguna. "Mjomba, hata Free Fire siku hizi haina utamu. Ungeiona ile ya 2019!" Mwaka 2019 mtoto huyu alikuwa bado anavishwa viatu na dada yangu. Tayari naye ana zamani zake.

Yapo na mambo ambayo wakongwe wameyavumbua wenyewe ili kuukimbia ujuzi wao, na hapa nawavulia kofia. Muda mrefu kulikuwa na wachezaji wa RuneScape waliojiwekea nadhiri: sitanunua, sitauza, sitapokea kutoka kwa mtu. Nikitaka upinde nitakata mti, nikitaka uzi nitasokota. Oktoba 2014 Old School ikaifanya nadhiri hiyo kuwa aina rasmi ya akaunti, inaitwa Ironman, Mtu wa Chuma, ana alama ya kofia ya kijivu kando ya jina lake. Kwao kambakoche amerudi kuwa kambakoche, kwa sababu lazima umvue mwenyewe. World of Warcraft nayo, mwaka 2023, ikafungua seva rasmi za roho moja: ukifa umekufa, miezi ya kazi imekwenda. Watu wakaanza tena kuogopa nguruwe na mbwamwitu wa njiani.

Nimejaribu nadhiri ile mara mbili, sikufika mbali. Lakini naona wanaoishika wanazidi. Mchezo wenyewe haujafa hata kidogo. Tangu uingie kwenye simu, Oktoba 2018, umewahi kuwa na watu zaidi ya 150,000 ndani kwa wakati mmoja, idadi ambayo pale saibani tungeikataa. Ninaucheza kwenye matatu na kwenye foleni ya benki, bando la shilingi ishirini linatosha.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa Lumbridge. Sikuwa na shughuli pale, wakongwe hupenda kupita. Ndani ya zizi palikuwa na mtu mmoja tu, jina jipya, upanga wa shaba, anapigana na kuku, na kuku anamwelemea. Moyo ukanipiga. Nikarudi benki mbio, nikachukua kambakoche wengi waliopikwa na upanga mzuri kuliko ule niliopewa mimi. Nikarudi. Nikamsalimu, akajibu. Nikabofya jina lake kufungua dirisha la biashara.

Dirisha halikufunguka. Mchezo ukaniandikia kwamba huyu ni Mtu wa Chuma, anasimama peke yake. Sikuwa nimeitazama ile kofia ya kijivu.

Akaandika, "Asante, lakini siwezi."

Nikamwandikia haidhuru. Akainama kuokota manyoya ya kuku, atayahitaji kwa mishale. Nikasimama pale kidogo, kisha nikala kambakoche mmoja, ingawa sikuwa na jeraha.